Daktari Ganzi Anaaga Tena

Watu wa kisiwa kile walimuaga Daktari Ganzi vizuri kupita kiasi, na hapo ndipo taabu ilipoanzia. Laiti wangempa mkono mlangoni, kama mtu anayekwenda safari ya wiki moja, yasingempata yaliyompata. Lakini walimfanyia sherehe. Ukumbi wa hospitali ulipambwa, mganga mkuu akasoma risala ndefu, wauguzi wakaimba, na yule dada wa mapokezi, ambaye hata salamu huitoa kwa kubana, akalia mpaka akatolewa nje kupepewa. Daktari mwenyewe alisimama kushukuru, akaketi katikati ya neno. Watu wakapiga makofi. Mtu akishaliliwa hivyo, jamani, hana budi kuondoka.

Jina la Ganzi alipewa na wagonjwa. Kabla hajafika, kisiwani jino bovu liling'olewa kavukavu, mgonjwa ameshikwa huku na huku na ndugu zake. Yeye akaja kutoka kwao, nchi ya milima na baridi huko ng'ambo, akiwa na sindano na upole. Mtu wa kwanza kung'olewa bila kupiga ukelele alitoka nje akawaambia waliokuwa kwenye benchi, "Jamani, huyu ni ganzi tupu!" Likashika. Jina alilopewa na babake likabaki kwenye vyeti tu.

Alikuja kwa mkataba wa miaka miwili. Mkewe alikubali kwa shingo upande, akisema miaka miwili ni kufumba na kufumbua. Binti yao ndiyo kwanza alikuwa anaanza shule. Mkataba ukaongezwa, ukaongezwa tena, mpaka binti akamaliza shule na kwenda chuo kwao, kisha mkewe naye akarudi kumuuguza mama yake. Daktari akabaki. "Namalizia tu," alikuwa akisema kwenye simu. Kumalizia huko nako kukachukua miaka, hadi siku binti alipompigia mwenyewe. "Baba," alisema, "utakuwa babu kabla mwaka haujaisha. Au unataka huyu mtoto akujue kwa picha?" Siku hiyohiyo akaandika barua ya kuacha kazi.

Vyombo vyake aligawa. Vingi vilivuka ukuta kwenda kwa jirani yake, Kinyozi, kwa kuwa njia ilikuwa fupi na urafiki mrefu. Huyu Kinyozi alikuwa mtu mfupi, mnene, mwenye maneno kama redio, na chumba chake cha mbele ndicho kilichokuwa duka lake. Katikati ya chumba kilisimama kiti cha meno cha zamani, ambacho hospitali ilitaka kukitupa ilipoletewa kipya. Kinyozi alikiomba. "Kinapanda, kinashuka, kinalala," alisema. "Kiti kifanye nini zaidi? Kiimbe?" Mwanzoni biashara ililegea kidogo, maana wateja wakishakaa tu mate yaliwakauka, na mmoja aliinuka akiwa amenyolewa upande mmoja, akasema atarudi.

Lakini Kinyozi mwenyewe, kwa miaka yote ya ujirani, hakuwahi kufungua kinywa mbele ya Ganzi isipokuwa kwa kula na kusema. "Tutakunywa chai, tutacheza karata, mmoja wetu atamzika mwenzake," alisema. "Lakini koleo lako likae hukohuko."

Siku ya safari ilifika. Ndege ya kisiwa kile ilikuwa ndogo, inakuja mara chache, na siku hiyo ilimleta daktari mpya, mwanamke kijana kutoka nchi nyingine ya mbali, amevaa viatu vya kufunika vidole na uso umekwisha kulowa jasho kabla hajafika ardhini. Walisalimiana palepale kiwanjani. Ganzi akampa ufunguo wa nyumba ya hospitali, akamweleza kwamba bomba la jikoni hukohoa kwanza ndipo litoe maji, na kwamba mlango wa nyuma huvimba wakati wa mvua, basi asiusukume kwa mkono, ausukume kwa nyonga. Daktari mpya alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayezuia kulia. Ganzi akapanda ndege, akafunga mkanda, akafumba macho.

Injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Rubani akashuka, akafungua, akachungulia, akafunga, akavua kofia. Mtu hahitaji kuwa fundi kujua maana ya rubani kuvua kofia.

"Kuna kipuri kimekufa," alisema. "Kitaletwa na meli."

"Meli inakuja lini?"

"Ikija, daktari, utaiona."

Daktari mpya akanyoosha mkono wenye ufunguo. "Rudi nyumbani kwako. Mimi nitatafuta pa kulala."

"Si kwangu tena," alisema Ganzi. "Na kitanda kimebaki kimoja." Akachukua mabegi yake mawili.

Alikata njia za nyuma, kati ya kuta na kamba za nguo, akiomba asikutane na mtu. Dua yake haikupokelewa. Alipopinda kona ya kwanza tu alimkuta fundi cherehani amekaa kibarazani, sindano mdomoni.

"Daktari! Si tulishakulilia?"

"Mlinililia, ndiyo."

"Sasa?"

"Ndege imeharibika."

Fundi akaitoa sindano mdomoni, akamtazama toka juu hadi chini. "Na machozi yetu je? Tutayarudisha vipi?"

Kwa Kinyozi hakuulizwa chochote. Mke wa Kinyozi alimpokea begi moja mlangoni, akasema, "Karibu shemeji, chai iko tayari," kana kwamba alikuwa akimngoja toka asubuhi. Akaketishwa kwenye kochi. Lilikuwa kochi lake. Chai ikaja katika kikombe chake, kile ambacho mkewe aliwahi kukigundisha mpini, na saa yake ya ukutani ikawa inamtazama kutoka ukuta asiouzoea. Vitu vyake vilikuwepo, ila vilikuwa vimeshapata wenyewe. Kochi lilikuwa na rundo la nguo za kukunja upande mmoja. Rafu ya vitabu ilikuwa na viatu. Kilichomshangaza zaidi ni jinsi kochi lilivyokaa. Kwake, miaka yote, lilitazama dirisha la baharini. Hapa lilitazama mlango.

"Shemeji, mbona mmeligeuzia huku?" aliuliza. "Kule kuna bahari."

"Bahari haiendi popote," alijibu mke wa Kinyozi. "Wanaopita ni watu. Nisipowaona leo, habari zao nitazipata wapi?"

Jioni alimpigia mkewe. Akamweleza habari ya injini, kipuri na meli. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba, umekwama, au umejikwamisha?"

"Nimekwama. Muulize rubani."

"Rubani ameacha mke huku?" alisema, lakini alikuwa anacheka, na daktari akamsikia mama mkwe wake akiuliza kwa mbali nani anayechekesha watu. Alipokata simu alibaki ameishika mkononi. Sauti ya mkewe ilikuwa imemrudisha siku zao za mwanzo kisiwani, walipolala sakafuni kwa ajili ya joto, shuka limeloweshwa maji, binti katikati yao akiuliza kama theluji ya kwao itawasubiri. Alikuwa amesahau kwamba waliteseka. Au hakusahau, ila mateso yale yalikuwa yameiva yakawa matamu, kama yafanyavyo ya zamani.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mke wa Kinyozi hakuwa na jembe, basi alimpa ufagio. "Shemeji, umekaa mpaka kochi linalalamika. Nenda kamsaidie mwenzako huko mbele." Daktari akaenda kufagia nywele.

Hapo ndipo alipoona jambo ambalo hakuwahi kuliona. Watu waliokuja kunyolewa aliwajua wote. Hakuna kinywa pale ambacho hakuwahi kukichungulia. Gego la mwenye duka la vyuma, pengo la karani wa bandari, meno ya mbele ya dereva wa gari la hospitali yaliyopishana kama watu wanaogombana, vyote alivijua kuliko uso wake mwenyewe. Lakini alikuwa amewajua wakiwa kimya. Kwa miaka yote walikuwa wamelala mbele yake midomo wazi, wakijibu "aa" na "uu". Sasa aliwasikia wakizungumza. Karani wa bandari, aliyemdhania mtu wa huzuni, kumbe ndiye mchekeshaji wa mtaa mzima. Mwenye duka la vyuma alikuwa na hadithi ya mkwewe na bata aliyoisimulia kila akija, na kila akija bata alizidi ukubwa. Dereva alikuwa akiimba. Sauti nzuri kweli! Ganzi alisimama na ufagio wake, akicheka mpaka mbavu zikamuuma, na ndani ya kicheko hicho ikamwingia huzuni ndogo, kali, ya mtu aliyegundua chumba kizuri nyumbani mwake siku ya kuhama.

Nao hawakumwacha afagie kwa amani. "Hili hapa," mmoja alivuta shavu kwa kidole, "uling'oa mwaka ule paa la soko liliporuka kwa upepo. Tulisikia mabati yanapita juu, ukaniambia, usitikisike, wewe tikisika baadaye." Mwingine alimkumbusha jinsi mkewe alivyokuwa akija hospitali mchana na chakula, akigonga dirisha kwa kijiko. Mwingine alimuulizia binti: bado anapenda kukwea miti? "Sasa anatarajia mtoto," alisema Ganzi, na chumba kizima kikapiga kelele, kana kwamba wote ni wajomba zake.

Siku moja asubuhi Kinyozi hakufungua duka. Wateja walikaa kwenye benchi wakatazamana. Ganzi alimkuta chumbani, ameketi kitandani, kitambaa kimefungwa kutoka kidevuni hadi utosini, shavu limevimba kama andazi.

"Tangu lini?" aliuliza Ganzi.

"Tangu kabla hujaaga."

"Nawe ukanyamaza?"

"Nilijua unaondoka. Nikasema, akiondoka na koleo lake, na jino nalo litatulia." Kinyozi alishika shavu. "Limekasirika, Daktari. Ning'oe."

Hakuna anayejua ni mara ngapi Ganzi alikuwa amemtania kuhusu siku hiyo. Sasa imefika, na hakuwa na mzaha hata mmoja. Alimwelekeza dirishani, akachungulia. Gego la chini, la mwisho, limeoza hadi kwenye ufizi. Vidole vyake viliwashwa. Alijua atakavyosimama, atakavyoweka kiwiko, atakavyomsemesha.

"Twende hospitali," alisema. "Daktari yupo."

"Yule mtoto?"

"Yule daktari."

"Wewe upo hapa, unakula wali wangu, unafagia nywele zangu, halafu niende kwa mgeni?"

"Mimi nimekabidhi kazi. Nimeshaagwa."

Mke wa Kinyozi, aliyekuwa mlangoni muda wote, akasema, "Baba, vaa viatu." Kinyozi akavaa.

Kwenye benchi la hospitali walikuwepo watu, na kadiri Ganzi alivyokaribia ndivyo walivyozidi kuinuka. Akaelewa upesi. Walikuwa wamesikia hajaondoka. Tangu ndege iharibike, hakuna aliyekuwa ameingia kwa daktari mpya isipokuwa waliozidiwa kabisa. Wengine walikuja kila siku, wakachungulia, wakarudi na maumivu yao nyumbani, wakitumaini kwamba Ganzi atachoka kukaa bure.

Chumba kilikuwa kilekile. Dirisha lilelile, feni ileile iliyokuwa ikigonga kila ikimaliza mzunguko. Daktari mpya alikuwa ameketi peke yake, vyombo vyake vimepangwa vikang'aa, na macho yake yalionyesha kwamba ameshavipanga mara nyingi. Aliposikia shida ya Kinyozi, na alipoona anayemshika mkono, akajivuta pembeni kwa heshima.

"Daktari, ukitaka, kiti ni chako," alisema taratibu.

Ganzi alikitazama kile kiti. Angesema ndiyo, hakuna ambaye angemlaumu. Rafiki yake angefurahi, benchi lote lingeshangilia, naye angeondoka kisiwani na jino ambalo amelingoja kwa miaka. Lakini alikumbuka siku yake ya kwanza katika chumba hiki, sura za watu dirishani zikisubiri kumsikia mgonjwa akilia. Kama angekaa leo, kesho nani angekuja kwa huyu binti?

"Kiti ni chako," alisema. "Mimi nimemsindikiza tu jirani."

Akavuta kigoda, akakaa upande wa mguuni, akashika mkono wa Kinyozi. Ulikuwa mkono wa baridi, unanuka sabuni ya kunyolea. Sindano ikaingia. Wakangoja. Daktari mpya akaanza kazi, na jino likagoma. Mizizi yake ilikuwa imejipinda kama ndoana. Alijaribu, akasita, akafuta jasho kwa mkono wa koti. Akainua macho kumtazama Ganzi.

Ganzi alijua. Lilitaka kuzungushwa kidogo kuelekea shavuni kwanza, ndipo livutwe. Neno lilimfika kwenye ulimi. Akageuza uso, akatazama nje ya dirisha, akawa anautazama mnazi kama mtu aliyeajiriwa kuutazama. Kisha akasikia daktari mpya akivuta pumzi, akihama upande, akibadilisha mshiko. Ukaja mlio mdogo anaoujua kuliko wimbo wowote.

"Limetoka," alisema daktari mpya.

Kinyozi alifumbua jicho moja. "Niii?" alisema, pamba imemjaa kinywani. Akajipapasa, akatazama kisahani. "Bbona dijasikia kitu?"

Alilisema hilo kwa sauti kubwa, na mlango ulikuwa wazi. Huko nje mtu akarudia, "Anasema hajasikia kitu!" na mwingine, "Kinyozi? Yule mwoga?" Mwanamke mmoja mwenye kilemba akainuka benchini na kuingia bila kuitwa, akauliza anayefuata ni nani, kwa maana kama hayupo, yeye yupo.

Ganzi akatoka ukumbini. Akaenda kwenye sinki, akanawa mikono vizuri, vidole na kucha, ingawa hakuwa ameshika chochote. Maji yalimiminika muda mrefu. Dada wa mapokezi akaja akafunga bomba, akampa taulo, na safari hii hakulia yeye.

Jioni ile daktari mpya alikuja kwa Kinyozi kumtazama mgonjwa wake. Mke wa Kinyozi alimkalisha kwenye kochi, akamshindilia chai. Hapo mgeni akamuuliza Ganzi swali lililokuwa likimkaba. "Ulizoeaje hapa? Mimi kila siku nalia. Nikifungua sanduku langu nasikia harufu ya kwetu, nalia. Nikilifunga, nalia."

"Mimi nililia miezi," alisema Ganzi. "Mke wangu akanicheka. Sikumbuki nilinyamaza lini."

"Nyumba ile inatazama baharini," alisema mke wa Kinyozi. "Ukikaa unatazama bahari utawaza meli. Vuta kiti, kaa mlangoni, watu wakupite. Wiki haiishi hujapata ugomvi na mtu, na ukishapata wa kugombana naye umeshapata kwenu." Kinyozi akataka kuongeza neno, lakini shavu lilikataa, akaishia kutikisa kichwa. Mkewe alisema hajawahi kupata jioni tulivu kama hiyo tangu aolewe.

Kipuri kilikuja, na ndege nayo haikutaka sherehe. Ganzi alikuwa na ufagio mkononi pale dereva wa hospitali aliposimamisha gari nje akipiga honi. "Daktari! Imewaka! Rubani anasema inaondoka sasa hivi, kabla haijabadili mawazo!" Mabegi yakarushwa ndani, Kinyozi naye akapanda. Mke wa Kinyozi alimpa kifurushi cha mikate, akasema, "Shemeji, msalimie mwenzangu," akarudi ndani haraka. Mteja aliyekuwa kitini, sabuni imemjaa usoni, akapunga mkono chini ya shuka.

Kiwanjani hapakuwa na mtu ila wao. Kinyozi alibeba begi moja hadi kwenye ngazi. Alikuwa amepona vya kutosha kuweza kusema, na Ganzi alisubiri mzaha wake. Haukuja.

"Basi," alisema Kinyozi.

"Basi."

"Ukifika, piga simu."

"Nitapiga."

Wakapeana mikono, na mikono ikachelewa kuachana. Ndege ikapaa, ikainama upande mmoja, na kwa muda mfupi daktari aliona bati jeupe la hospitali, barabara, nguo zimeanikwa nyuma ya nyumba ambayo huenda ilikuwa yake na huenda haikuwa. Kisha ikawa mawingu.

Huko kwao alikuta baridi na mke aliyezeeka kidogo na kupendeza zaidi, na kabla mwaka haujaisha, theluji ikianguka, akapata mjukuu wa kike. Maisha yalikuwa mema. Ila watu walipita haraka, kola zimepandishwa, na alipowasalimia walitazama nyuma kuona anasalimiwa nani.

Mchana mmoja, mjukuu akiwa mapajani, Ganzi alimpitishia kidole kwenye ufizi wa chini na kukuta ncha ndogo, ngumu, kama punje ya mchele. Alimwita mkewe, akamwita binti, wakaja wakagusa, wakashangilia, wakarudi kwenye shughuli zao. Yeye alikuwa bado hajamaliza kufurahi. Akachukua simu.

Iliita sana. Kisha ikafunguka na kelele: mashine ya kunyolea, kicheko, mtu anaimba.

"Ametoa jino!" alisema Ganzi.

"Nani katoa jino? Daktari? Ngoja, ngoja, sikusikii, hebu nyamazeni nyie! Ni Ganzi huyu!"

Hawakunyamaza. Kinyozi aliinua simu juu ili wote wamsalimie, nao wakamsalimia kwa mpigo, kila mtu na lake, hata akawa hasikii neno hata moja. Akaigandamiza simu sikioni, akasikiliza vivyo hivyo, huku mtoto akimtafuna kidole kwa bidii.